Shikamoo Iliyobaki Barazani kwa Bi Chausiku

Mwanangu Kalunde,

Umekwenda Ntalikwa kumuaga baba mkubwa, na najua hawatakuachia mapema, watataka ule kwanza. Kwa hiyo nimekaa hapa mlangoni, begi lako limeshafungwa liko pembeni yangu kama mgeni, na mimi nakuandikia. Salamu za kwenye barua nazibakiza, maana utarudi jioni hii tusalimiane kwa mdomo. Barua nitaichomeka chini ya kifurushi cha michembe ya viazi. Usiifungue mpaka treni iwe imeiacha Tabora. Ukiisoma hapa utataka kuniuliza, mimi nitalia, na kesho utachelewa stesheni.

Mambo ya kula na kuvaa na watu wa mjini ameshakueleza shangazi yako mpaka koo likamkauka. Sina la kuongeza huko. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne. Ukikuta neno limepinda linyooshe mwenyewe uendelee.

Nataka kukuambia habari za Bi Chausiku.

Umekua ukiniona nikipita pale kwenye ile nyumba iliyofungwa, ya kona ya kwenda sokoni hapa Isevya. Nasimama kidogo mbele ya baraza, nasema, "Shikamoo bibi," halafu naondoka. Ulipokuwa sekondari uliona aibu. Ulinishika mkono ukasema, "Mama, watu wanatuangalia. Bibi mwenyewe alishakufa." Nikakujibu kwamba ni mazoea tu. Si mazoea, mwanangu. Nilikudanganya kwa sababu ukweli wake ni mrefu, na ndani yake sionekani vizuri.

Nisingekuandikia kama si hii kazi uliyoipata. Siku uliyotuletea habari, Mama Shukuru alikuwa hapa amekuja kuazima chekeche, unakumbuka? Akauliza, "Anakwenda kufundisha chuoni?" Ukamwambia hapana, utakuwa maktaba, unawasaidia watafiti kutunza data zao na kushirikiana na wenzao. Mama Shukuru akashangaa. "Data? Chuo kizima hicho hawana bando mpaka wakaja kukuchukua wewe?" Tulicheka mpaka ukamwaga uji. Kisha ukatueleza taratibu: mtu anakwenda vijijini, anawauliza watu maisha yao, anarekodi, anapiga picha, anarudi nayo. Zamani akimaliza alikuwa anaviacha kwenye kompyuta yake mpaka vife. Siku hizi chuo kinataka vitunzwe pahali pamoja, na watu wengine waweze kuvitumia. Na wewe ndiye utakayekaa pale mlangoni.

Wote mkaendelea kucheka. Mimi niliinuka nikaenda uani kama mwenye shughuli. Sikuwa na shughuli. Ilikuwa kama vile mtu ameniita jina kwa nyuma.

Ulikuwa darasa la pili. Alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo, binti mpole, tukimwita Dada Upendo. Alikuwa anakusanya habari za ile njia ya zamani ya misafara, ya pembe na ya watu, kwa wazee ambao bibi zao waliiona. Mwenyeji wake akamleta kwangu, maana mimi na biashara yangu ya asali na michembe hakuna nyumba ambayo sikuijua. Nikamzungusha. Kila tulipoingia alisema, "Huyu ni msaidizi wangu." Kalunde, sijui kama utaelewa lile neno lilivyonikaa. Mwanamke wa darasa la nne, kaachwa na mume, leo ni msaidizi wa mtu wa chuo. Nilianza hata kuvaa viatu vya kufunika. Nilishika mfuko wa kinasa sauti chake kama nimeshika mtoto mchanga.

Tulianza na mama yangu, bibi yako Nyamizi. Unamkumbuka kidogo, alikuwa anakufinya mashavu. Alisimulia vizuri sana, akaimba na zile nyimbo za wachukuzi alizofundishwa na babu yake, za kutembea na mzigo kichwani mpaka pwani. Alipomaliza, Dada Upendo akatoa karatasi ya kukubali aweke dole gumba. Mama akakataa. Akasema, "Sauti yangu umeshaichukua, mjukuu wangu, na kidole nacho unakitakia nini? Nitasonga ugali na kipi?" Dada Upendo akacheka, akakunja karatasi tupu akaiweka.

Kesho yake ndiyo tukaenda kwa Bi Chausiku.

Bi Chausiku alikuwa mtani wa mama yangu. Yeye watu wake walijulikana kuwa ni Wamanyema, sisi Wanyamwezi, na utani wao haukuwa na likizo. Mama akipita pale anapaza sauti, "Mmanyema wewe, paka wetu hajaonekana tangu jana, na sufuria lako linanukia!" Naye anajibu bila hata kuinua uso kwenye ukili wa mkeka anaousuka, "Nenda zako mchukuzi, hata ukilala unajitwisha mto!" Hivyo miaka yote. Walikuwa hawawezi kulala bila kutukanana.

Siku ile alitoka na kuchechemea kwake, akatukaribisha barazani. Mjukuu wake Saida alikuwa shuleni. Mwanzoni alisema yale yanayosemwa na kila mtu, kwamba wazee wake walikuja Tabora kwa biashara. Dada Upendo hakumbana. Alikaa kimya tu, na mimi nikamshika Bi Chausiku mkono nikamwambia, "Sema tu bibi, ni mambo ya shule haya."

Akasema. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia chini. Kwamba wao hawakuja, waliletwa. Bibi yake alichukuliwa akiwa mtoto ng'ambo ya ziwa, akatembezwa na msafara mpaka hapa. Miguu ikaoza, msafara ukamwacha kwa tajiri mmoja wa mjini, akawa mtu wa kumilikiwa katika nyumba ile. Wakambadilisha jina. Akaitaja na nyumba yenyewe. Akataja jina lile la kwanza, la utotoni, ambalo mama yake alimnong'oneza mara moja tu. Wewe umezaliwa hapa, unajua jambo hilo hapa mjini haliguswi. Watu wanakaa ukuta mmoja, wanazikana, wanapeana chumvi, na kila mmoja anajua wazee wa nani waliletwa, na hakuna anayesema.

Alipomaliza, Dada Upendo alikuwa anafuta machozi. Akatoa karatasi. Akamuuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, jina lako niliandike, au nilifiche?"

Bi Chausiku hakujibu. Aligeuka akaniangalia mimi. Yule binti alikuwa mgeni kwake, mimi ndiye mtoto wa mtani wake, alitaka nimwambie maana ya swali lile. Na mimi, msaidizi, nikajibu. Nikasema, "Andika tu, dada. Afiche nini?" Nikauchukua mkono wake, nikaugusisha dole kwenye wino, nikaliweka kwenye karatasi. Hakuuvuta. Ulikuwa mwepesi, kama mkono wa mtu aliyelala. Nikiosha vyombo bado nausikia kwenye kiganja changu.

Dada Upendo akaondoka na kinasa sauti chake na karatasi zake. Miaka ikapita. Mama yangu akafa. Msibani kwake Bi Chausiku ndiye aliyekuja kama mtani. Maiti ilipotaka kutolewa alikaa mlangoni, kajitwisha mto kichwani, akaziba njia. "Hatoki! Mchukuzi gani anasafiri bila mzigo? Mtwisheni kwanza!" Watu walikuwa wanalia na kucheka pamoja. Mimi ndipo nilipoweza kupumua. Ndiyo kazi ya mtani, mwanangu, anakuchekesha ili usife na marehemu wako.

Baada ya arobaini nikatamani sauti ya mama. Nikampata Dada Upendo kwa simu, kwa kuulizauliza. Alinijibu kwa huzuni ya kweli, sikuisikia kuwa ya kuigiza. Akasema ya Bi Chausiku ilikuwa na karatasi kamili, kwa hiyo aliiwasilisha chuoni ikatunzwa. Ya mama yangu haikuwa na dole, alibaki nayo yeye kwenye kompyuta yake, na ile kompyuta ilikufa na kila kilichokuwemo. Akaniomba radhi. Nikamwambia haina neno. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo. Zile nyimbo za wachukuzi hakuna tena anayezijua. Mimi nakumbuka vipande viwili, na katikati yake najaza maneno ya uongo.

Yangeishia hapo ningekuwa na huzuni tu. Huzuni inabebeka.

Ulikuwa kidato cha kwanza, bwenini, ndiyo maana haya hukuyaona. Saida alikuwa ameposwa na kijana wa familia moja ya hapa mjini, watu wanaojihesabu. Siku zimepangwa. Kumbe chuo kimeyaweka yale masimulizi kwenye mtandao, yameandikwa, kila mtu asome, na jina lipo, na nyumba ipo. Binamu wa yule kijana akayakuta, akayatuma kwenye kundi la ukoo wao. Wakaja wazee wawili wastaarabu, wakanywa chai, wakasema kijana ameona aendelee kwanza na masomo. Posa ikarudi. Hawakutoa neno baya hata moja. Maneno yalitoka baadaye, bombani, kwenye foleni ya maji. "Kumbe." Hilo tu. Mtu anasema "kumbe," mwenzake anaitikia "ndiyo hivyo," ndoo inajaa.

Nikaenda kwa Bi Chausiku. Alikuwa barazani, ukili mapajani. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Alinyoosha ukili wake kwa kidole, kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Siku ile nilisema na wewe, au nilisema na dunia?"

Nilibaki nimepiga magoti. Mimi niliyekuwa na jibu siku ile kabla hajafungua mdomo.

Hakunitukana. Ingekuwa utani ningejua la kufanya. Aliacha tu kuniitikia. Kila asubuhi nilipita na beseni langu, shikamoo bibi, na kila asubuhi alikuwa anaangalia mbali, nayo shikamoo yangu inabaki pale barazani. Ikawa hivyo mpaka alipofariki. Na msibani, Kalunde, watu walinigeukia mimi. Mama yangu hayupo, kwa hiyo mtani wake ni mimi, ni zamu yangu. Mtani anatakiwa amuige marehemu sauti, amuige mwendo, adai kitu, awachekeshe wafiwa. Mama Shukuru alinisukuma, "Haya, mtoto wa mchukuzi, mbona umekuwa jiwe?" Nikasimama pale mlangoni. Nikafungua mdomo. Saida alikuwa ananitazama. Sauti haikutoka. Wakasubiri, wakasubiri, kisha wakamtoa Bi Chausiku kimyakimya, hakuna hata aliyeguna. Nilimnyima na hilo.

Saida akafunga nyumba akahamia Urambo. Na mimi nikabaki na baraza. Jioni upepo ukitoka upande ule nasikia ukili unavyokwaruza. Usicheke. Nimeshakwenda kuangalia, hamna mtu. Ninaogopa siku nitakayosema shikamoo na ikaitikiwa, na ninaogopa zaidi kwamba haitaitikiwa kamwe.

Sasa umeelewa kwa nini usiku ule, baada ya kucheka na Mama Shukuru, nilikufuata chumbani nikakuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Hivyo vitu vya chuo vinafutika?" Ulikuwa unakunja nguo. Ukasema, "Mama, kufuta si uamuzi wangu peke yangu. Lakini kuna kufunga, kuna kuficha jina, na kuna kumtafuta mwenyewe au watu wake ukawauliza." Nikasema aa, sawa. Nikatoka.

Nilitaka ukafute. Nakuambia ukweli. Nilipanga kukuomba, kama zawadi ya mama, siku ya kwanza tu ukikaa kwenye kiti, uifute ile ya Bi Chausiku, nami nipite pale kwenye kona kama watu wengine.

Wiki iliyopita niliposema nafuata karanga Urambo, sikufuata karanga. Zile karanga nilizinunua stesheni nikirudi, ndiyo maana zilikuwa mbaya. Nilikwenda kwa Saida. Ana cherehani yake karibu na soko, anashona sare za shule, ana mtoto wa kiume mwenye macho ya Bi Chausiku. Aliponiona mguu wake ulisimama kwenye pedeli.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

"Marahaba mwanangu." Ikanitoka kwa shida. Yeye amenipa shikamoo, mimi nimeipokea. Unaona.

Nikamwambia kila kitu. Swali, karatasi, mkono. Kwamba ni mimi niliyejibu. Akaniambia anajua, bibi alimwambia. Nikasema, "Kalunde amepata kazi kule kule. Nitamwambia afute. Nimekuja ujue kwamba yataisha."

Saida akakata uzi kwa meno. "Nani amekwambia nataka yafutwe?"

Nikaanza, "Nilidhani..." Akanikata.

"Wewe mama mdogo, huchoki? Umeshamjibia bibi, leo umekuja kunijibia na mimi?"

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia. Akaendelea, hata hakunitazama, anapanga vifungo. "Wale watu walisoma mstari mmoja wakaacha. Mimi posa iliporudi nilisoma mpaka mwisho. Bibi hakuwahi kuniambia jina la yule mtoto. Nimelikuta mle, nimemwita mwanangu kwa jina lile, angezaliwa wa kike lingekuwa jina lake la kwanza, huyu wa kiume amelibeba kama jina la pili. Mkifuta mtakuwa mmemchukua tena yule mtoto. Safari hii ni nyinyi."

"Basi unataka nini?" nikauliza. Mara ya kwanza, Kalunde. Miaka yote hii, mara ya kwanza nimemuuliza mtu wa nyumba ile anataka nini.

Akafikiri kweli. Akasema yale maandishi yasiwe wazi kwa kila mpita njia, anayeyataka aombe, na yeye aulizwe. Jina libaki, lakini mle ndani. Halafu akaacha vifungo. "Na sauti. Kule kwenye mtandao yapo maandishi tu. Bibi alisema kwa mdomo wake, sauti si ipo? Mimi nimeanza kumsahau anavyosema. Nataka nimsikie."

Hicho ndicho ninachokutuma. Sikutumi kama mama, maana mama angekuomba ufute. Waulize wakubwa wako taratibu zao, usivunje kitu cha watu kwa ajili yangu. Kama kuna karatasi za kujaza, Saida amesema atazijaza mwenyewe. Mpigie, msikilize, na akinyamaza usimsaidie.

Utakaa kule na watu wenye shahada zao, wengi ni wema, Dada Upendo alikuwa mwema. Watakuletea karatasi zina dole gumba na watakuambia mtu alikubali. Huenda alikubali. Mimi ninachowaza tu ni kwamba kuna mahali, kijiji gani sijui, kuna mwanamke kama mimi amevaa viatu vya kufunika na ameshika mkono wa mtu. Yeye kwenye karatasi haonekani. Ukiweza, muulizie.

Na ya bibi yako Nyamizi usiitafute. Iliyokufa imekufa. Ninasema hivyo, halafu najua utaitafuta. Haya, ukiikuta kwenye kona yoyote ya kule, usiniletee kabla ya ile ya Bi Chausiku. Nisije nikashiba mimi mwenzangu ana njaa.

Nasikia pikipiki. Kama si wewe ni mtu wa maziwa. Namalizia.

Saida amesema sauti ikipatikana atakuja Tabora aifungue ile nyumba, aisikilize pale pale. Nikamuuliza kama naweza kuwepo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa hiyo nitakuja nikae nje, barazani, wao wakiwa ndani. Nitaisikia mlangoni ile sauti ndogo. Akiniita nitaingia, asiponiita nitarudi nyumbani kupika. Lakini mto nitakuwa nimekuja nao kwenye kapu. Nikiitwa, nitajitwisha kichwani, nitaingia na mwendo ule wa Bi Chausiku wa kuchechemea, nami nitamwambia mbele ya mjukuu wake na kitukuu chake, kwa sauti yote niliyokosa siku ile: "Mmanyema wewe! Mchukuzi amesimama barazani na mzigo miaka yote hii, hata maji hukumpa?"

Mama yako